Hesabu ya kusi: shahada ya mawasiliano na deni lake

Maneno haya niliyasema Lamu, baada ya swala ya alasiri, mbele ya vijana waliopata matokeo ya kidato cha nne na wazazi wao. Nimeyaandika kama nilivyoyakumbuka, pamoja na sehemu mbili nilizokatizwa kwa maswali, maana maswali yenyewe yalikuwa na uzito kuliko karatasi niliyoishika.

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango mkidhani sitawaona.

Siku niliyomwambia bibi yangu kwamba nimeitwa chuo kikuu, aliniuliza nakwenda kusomea nini. Nikamwambia mawasiliano. Neno hilo halikumwingia. Nikamfafanulia: kuandika, kutangaza, kuzungumza na watu. Akanitazama kwa muda, kisha akamgeukia mama: "Huyu enda kusomea kunena? Kwani ni bubu?"

Nyumba nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao. Miaka mitatu baada ya kumaliza chuo nilikuwa nimeketi juu ya godoro katika chumba cha kupanga Nairobi, simu mkononi, nasoma ujumbe wa deni langu. Nikamkumbuka bibi. Alichokiuliza kwa mzaha hakuna mtu mwingine aliyeniuliza kwa dhati: kitu hiki unakinunua kwa shilingi ngapi, na kitakurudishia ngapi?

Sikuja hapa kumwambia mtu asisome mawasiliano. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha mimi na wanangu. Wala sikuja kuwaambia mfuate ndoto zenu. Nimeshawasikia wageni wa heshima wakisema hivyo katika mji huu, kisha jioni hiyohiyo wakashuka gatini, wakapanda boti kwenda Mokowe kule bara, na ndoto zikabaki hapa na wenye deni.

Nimekuja na hesabu. Na nitaianza baharini, kwa sababu nusu ya wazazi walioko hapa wanajua hesabu hii kuliko mhasibu yeyote.

Sasa ni kaskazi. Bahari imelala, mashua zinatoka, samaki wanaingia. Lakini mvuvi mwenye akili hahesabu mwaka wake kwa kaskazi. Anajua kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini, inakuja, kuanzia mwezi wa nne au wa tano, bahari itachafuka, na siku nyingi chombo kitabaki ufukweni. Watoto watakula vilevile. Ndipo wengine huenda kwa tajiri wa samaki kukopa nyavu, barafu, mafuta ya mashine na unga wa nyumbani, na bahari ikitulia samaki wote wanakwenda kwa tajiri kwa bei anayoipanga yeye. Mvuvi huyo hakuangushwa na ukubwa wa deni. Aliangushwa na miezi ile ambayo deni lipo na samaki hakuna.

Shikeni neno hilo, kusi. Nitalirudia.

Mimi nilisoma kwa mfumo wa zamani. Mwanafunzi aliyepelekwa chuoni na serikali alikuwa akilipa ada ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hii tunayoiita HELB, ikimkopesha kati ya 35,000 na 60,000 kwa mwaka kulingana na hali ya nyumbani. Mimi nilipata 40,000. Mara nne, 160,000. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na ukimaliza masomo unapewa mwaka mmoja wa kupumua kabla ya kuanza kulipa. Kwa mkopo, masharti hayo ni mepesi. Benki haikupi hivyo.

Nilimaliza mwisho wa 2014. Nikapata kazi haraka, nikajiona mtu. Kituo kimoja cha redio, ambacho sitakitaja, kikanichukua kuwa ripota wa kulipwa kwa stori. Stori ikipita hewani, shilingi 500. Isipopita, pole. Mwezi mzuri zilipita 14, yaani 7,000, na pesa zenyewe zilikuja baada ya miezi mitatu, zikija. Jina langu mama alilisikia redioni huku Langoni, akawaita majirani. Hakuna aliyejua kwamba mtangazaji alikula mara moja kwa siku.

Deni la HELB sikulificha wala sikulikimbia. Nilidhani litakatwa. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa chuoni: ukiajiriwa, mwajiri anakata kwenye mshahara na kupeleka. Ni kweli, mwajiri anawajibika kufanya hivyo. Ila mwajiri anakata kwenye pesilipu, ile karatasi ya mshahara, na mimi sikuwa na pesilipu. Nilikuwa na stori. Mfumo mzima umeundwa kwa mtu wa pesilipu, na kazi ya habari, hasa mwanzoni, kwa sehemu kubwa haina kitu hicho: kuna stori, kuna mkataba wa miezi mitatu, kuna "tutakupigia".

Mwaka wa kupumua ukapita. Mwezi uliofuata, bila kelele, faini ikaanza: shilingi 5,000 kwa kila mwezi ambao malipo hayakufika. Mwaka 2017 nikapata nafasi katika taasisi ya umma, kazi ya mshahara kamili. Wakataka vyeti vile vya uadilifu, kimojawapo cheti cha HELB cha kuthibitisha kwamba huna deni au unalilipa. Nikaenda kuangalia. Miezi 19 ya faini. Elfu tisini na tano.

Riba ya 160,000 kwa mwaka mzima ni 6,400. Faini ya mwaka mzima ni 60,000. Mimi na wenzangu tulikuwa tukikaa kantini tukibishana kuhusu ile asilimia 4, na kitu kilichotumeza kilikuwa pembeni hatukukitazama.

(Hapa mzee mmoja wa safu ya mbele aliinua fimbo yake. Akasema: "Mwanangu, wewe hiyo riba waipita mbio. Sisi wengine hatuchukui mkopo huo kwa ajili ya riba hiyo hiyo. Wasemaje?")

Bwana wangu, nisamehe. Swali la riba ni la mashekhe, na wamo humu ndani. Mimi nikilijibu nitakuwa nimevaa kilemba kisicho changu. Najua nyumba nyingi za hapa Amu ambazo zimeukataa mkopo kwa sababu hiyo, na ninaziheshimu. Nitasema tu lile ambalo nimeliona kwa macho. Baba anakataa mkopo wenye asilimia 4 kwa mwaka, vizuri, kisha muhula wa pili kijana yuko Nairobi hana pesa ya chakula, haambii mtu, anafungua simu na kukopa huko kwenye mikopo ya simu inayotoza kwa mwezi mmoja zaidi ya kile Bodi inachotoza kwa mwaka. Riba ileile, na kubwa zaidi, ila sasa iko mfukoni mwa mtoto na baba haioni. Kwa hiyo, mzee wangu, nyumba ikiamua haikopi, iamue pia pesa itatoka wapi, muhula kwa muhula: basari ya kaunti, mfuko wa eneobunge, ami aliyeko Mombasa. Iandikwe. Akija ami kusema "inshallah", muulizeni inshallah ya mwezi gani.

(Vicheko. Mzee alicheka pia, akaketi.)

Sasa nyinyi wa mwaka huu. Mfumo wenu ni mwingine, ulianza 2023. Serikali inazigawa nyumba katika madaraja matano kwa uwezo. Nyumba ya daraja la chini kabisa, ufadhili unabeba asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo 25, nyumbani 5. Daraja la juu, ufadhili 30, mkopo 30, nyumbani 40. Mfumo wenyewe umeburutwa mahakamani, na mwaka 2025 ada za vyuo vya umma zikapunguzwa, kwa hiyo namba nitakazotaja zichukueni kama za mfano. Muhimu ni njia ya kuzipita.

Tuseme kozi ya mawasiliano inagharimu 180,000 kwa mwaka, na nyumba yenu imewekwa daraja la kati: ufadhili nusu, mkopo asilimia 30, nyumbani asilimia 20. Mkopo wa ada ni 54,000. Ongeza mkopo wa matumizi, chakula na malazi, tuseme 50,000. Kila mwaka deni linakua kwa 104,000. Miaka minne, 416,000, hata kabla ya riba. Na nyumbani mmetoa 36,000 mara nne, 144,000.

Mnaona tofauti? Mimi nilitoka na 160,000. Mdogo wangu anayesoma kozi ileile anaweza kutoka na zaidi ya mara mbili na nusu yake. Magazeti hayakunenepa mara mbili na nusu tangu wakati huo. Wanaosoma habari wanajua kilichotokea: matangazo ya biashara yamehamia kwenye mitandao, na vyumba vya habari vya Nairobi vimepunguza watu tena na tena. Mtu wa miaka 20 katika kazi anasimama foleni moja na nyinyi.

Haya, tuseme Mungu amefungua riziki. Umemaliza, umepata kazi ya ofisa wa mawasiliano, mshahara 35,000, na pesilipu juu. Kwa viwango vya 2025, hazina ya uzeeni inachukua 2,100, bima ya afya kama 960, tozo ya nyumba 525, kodi ya mapato kama 1,850. Mkononi inabaki 29,500 na kidogo. Ukipangiwa kulipa ile 416,000 kwa miaka mitano, ni kama 7,660 kwa mwezi. Umebaki na 21,900. Chumba cha kupanga, tuseme 9,000. Matatu kwenda na kurudi, 150 kwa siku za kazi 26, ni 3,900. Imebaki 9,000, shilingi 300 kwa siku. Humo ule, uvae, ununue bando, uugue, na mama akipiga simu kwamba dari linavuja, utume.

Tena huyo ndiye aliyebahatika.

Wenzetu wa Marekani, ambako deni la wanafunzi kwa serikali yao limepita dola trilioni 1.6, wametengeneza vitu viwili ambavyo ningependa mvijue. Cha kwanza ni tovuti ya wizara yao ya elimu iitwayo College Scorecard. Mzazi anaandika jina la chuo na kozi, inamwonyesha wahitimu wa kozi hiyo waliosaidiwa na serikali wanapata kipato gani cha kati na wametoka na deni gani la kati. Nasema cha kati, si wastani. Wapange watu mia moja kwa mshahara kutoka mdogo hadi mkubwa, mtazame aliye katikati. Ukichukua wastani, mtangazaji mmoja tajiri wa televisheni anawapandisha wenye njaa wote kumi walio nyuma yake.

Cha pili ni kipimo walichowekea hasa vyuo vya kibiashara: malipo ya deni la mhitimu yasizidi asilimia 8 ya kipato chake cha mwaka, au asilimia 20 ya kile kinachobaki baada ya mahitaji ya lazima. Nikakichukua kipimo hicho cha 8 nikakileta Lamu. Mshahara wa 35,000 ni 420,000 kwa mwaka; asilimia 8 yake ni 33,600. Deni letu likilipwa kwa miaka mitano linakula kama 91,900 kwa mwaka, yaani asilimia 22 hivi. Limefeli vibaya. Lakini ngojeni, maana hapa nusura niwadanganye. Wao, kwa shahada ya kwanza, walihesabu kana kwamba deni litalipwa kwa miaka 15. Nikarudia kwa miaka 15: kama 3,080 kwa mwezi, 36,900 kwa mwaka. Asilimia 8.8. Imekosa kwa wembamba wa uzi.

Hapo nilikaa na kalamu yangu kwa muda. Deni lilelile, mshahara uleule, riba ileile. Kwa muda mmoja linamnyonga mtu, kwa muda mwingine linabebeka. Kwa hiyo kijana akiniuliza "laki nne ni nyingi?", siwezi kumjibu mpaka aniambie zinadaiwa kwa miaka mingapi na mshahara utaanza lini.

Uingereza wana dawa nyingine. Mwanafunzi wa England aliyeanza chuo kuanzia Agosti 2023 hulipa asilimia 9 ya kile anachopata juu ya pauni 25,000 kwa mwaka. Asipofika hapo, halipi. Asipokuwa na kazi, halipi. Miaka 40 ikipita, kilichobaki kinafutwa. Sisemi kwao ni peponi. Taasisi yao ya utafiti wa fedha ilitoa uchunguzi mwaka 2020 uliokuta kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano waliosoma chuo angekuwa na pesa zaidi maishani kama asingekwenda. Lakini tazameni umbo la mfumo wenyewe. Kule, kusi ikiingia, deni linasubiri. Hapa kwetu kusi ikiingia, deni linaota meno. Asiye na kazi ndiye anayepigwa faini, kwa sababu mwenye kazi amekatwa kwenye pesilipu na wala hajui faini ni nini. Kwa maoni yangu hilo ni jambo la kuwauliza wabunge wetu wawili, wa Lamu Mashariki na wa Lamu Magharibi, wakija kugawa hundi za basari. Wakishamaliza kupiga picha.

Mahakama Kuu iliamua mwaka 2022 kwamba riba na faini za mkopo huu zisizidi kiasi kilichokopwa. Ni afueni, lakini afueni ya mtu ambaye tayari yuko majini. Mara kwa mara pia Bodi hufungua dirisha la msamaha wa faini kwa anayelipa deni lote kwa mkupuo. Ukisikia, kimbia. Zaidi ya hayo, mwaka ule wa kupumua usipumue. Mwandikie Bodi kabla haujaisha, uwaeleze huna ajira, mkubaliane kiwango, hata kama ni kidogo, na barua uihifadhi. Mimi sikuandika. Nilikuwa nimesomea mawasiliano miaka minne, nikashindwa kuandika barua moja.

Nije kwenye deni ambalo halimo katika daftari la Bodi. Hili nataka mama zangu walisikie.

Mwaka wa kwanza mama yangu alivua bangili mbili za dhahabu. Hakuniambia. Niliona mikono mitupu siku ya Idi, nikauliza, akasema zimemkaza. Baba alikuwa na fungu katika mashua na binamu yake. Fungu likauzwa mwaka wa tatu. Kaka yangu, aliyenizidi alama katika hesabu, alibaki kubeba mchanga na mawe ya matumbawe kwa punda, kwa sababu nyumba isingeweza kuwasomesha wawili kwa mpigo. Ukijumlisha, nyumba ilitoa kuliko HELB. Na deni hilo halina asilimia 4, halina mwaka wa kupumua, halina msamaha. Unalilipa kila mwezi maisha yako yote, na kwa haki kabisa. Lakini msiliache nje ya hesabu. Mtoto akisema chuo kimenigharimu 416,000, mwambieni na mashua.

(Hapa kijana mmoja huko mlangoni, wala hakuinua mkono, akauliza: "Sasa mwalimu, tusome nini basi?")

Swali zuri, na nilikuwa nalikwepa.

Kwanza, usilinganishe kozi na kozi tu. Mawasiliano ni mlango wa nyumba yenye vyumba vingi. Chumba cha habari ndicho chenye dirisha kubwa la barabarani, kwa hiyo kila mtu anakiona, na ndicho chenye baridi kuliko vyote. Wenzangu wengi wa darasa wanaokula vizuri leo hawasikiki redioni. Mmoja anaandika ripoti na maombi ya ufadhili kwa shirika la afya. Mwingine anasimamia mitandao ya hoteli tatu, mbili kati yake ziko hapa Shela, na analipwa kwa wakati kwa sababu asipolipwa anaacha kujibu wageni. Mwingine ni mtafsiri. Bandari yetu ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021. Hata mahali pa makontena na kreni panahitaji mtu wa kuzungumza na wavuvi waliopoteza maeneo yao ya kuvulia, na afadhali mtu huyo awe anajua kusema na mvuvi wa Amu kwa lugha yake. Kwa hiyo muulize mkuu wa kozi: wanafunzi wanafundishwa takwimu? Wanafundishwa kupiga na kukata video kwa mikono yao, au wanaangalia kamera moja watu sitini? Atachimenti, yaani mafunzo kazini, wanatafutiwa au wanajitafutia?

Pili, kuna njia fupi zaidi. Taasisi ya mawasiliano ya serikali pale Nairobi, KIMC, imekuwa ikitoa mafundi wa redio na televisheni tangu 1961, kwa diploma. Diploma haina deni la miaka minne, na shahada inaweza kufuata ukiwa tayari una mshahara. Tunayo aibu fulani hapa, mtu akiwa na alama za chuo kikuu na akachagua diploma anaonekana amerudi nyuma. Aibu hiyo ina bei, na nimeshawatajia bei yake.

Tatu, na hili ndilo ningekuwa nimelifanya. Hatuna haja ya kusubiri wizara itutengenezee tovuti kama ile ya Marekani. Mji huu hauna siri. Kabla hujajaza kozi kwenye KUCCPS, mfumo wa serikali wa kuwapangia wanafunzi vyuo, tafuta watu kumi waliosoma kozi unayoitaka na kumaliza miaka mitatu iliyopita. Hapa Amu, Faza, Mpeketoni, Malindi, popote. Kumi mtawapata; mkishindwa, waulizeni mama zenu, watawapata kabla ya magharibi. Usimuulize mtu "kazi ni nzuri?" Kila mtu atasema alhamdulillahi. Muulize mambo matatu: baada ya kumaliza ulikaa miezi mingapi bila mshahara? Mshahara wa kwanza ulikuwa kiasi gani mkononi? Una pesilipu? Kisha wapange kumi hao kutoka mdogo hadi mkubwa, umtazame wa tano na wa sita. Yule wa kumi, ambaye picha yake chuo kimeibandika kwenye bango, muache alipo. Yule wa kwanza pia muache, huenda ana mikosi yake.

Mimi ningefanya hivyo mwaka 2010, ningegundua kwamba kusi ya watu wa mawasiliano ilikuwa kama miaka miwili. Pengine ningekwenda vilevile. Nilikuwa mkaidi. Lakini ningekwenda kama fundi wa Matondoni anavyoanza jahazi: anauliza mbao ni kiasi gani, na kabla hajakata hata ubao mmoja anauliza litabeba nini na litakaa ufukweni miezi mingapi. Ningeweka akiba katika mkopo wa mwaka wa nne. Ningekataa ile kazi ya stori 500, au ningeichukua huku natafsiri hati za watu usiku. Ningeandika barua.

Pale Makumbusho ya Lamu kuna siwa mbili, pembe za kupuliza za zamani, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya ndovu ya Pate. Nilipokuwa mdogo nilisimama mbele yake nikasema mimi nitakuwa huyo anayepuliza, mji mzima usikie. Sikumuuliza mtu mpulizaji alilipwa nini. Wala mpaka leo sijui, na bibi angekuwa hai ningemuuliza.

Basi. Nimemwomba mwalimu mkuu karatasi na kalamu, ziko pale kwenye meza ya mbele. Kila kijana akae na mzazi wake. Upande mmoja andikeni ya Bodi, upande wa pili ya nyumbani, pamoja na bangili na mashua, msione haya. Chini andikeni miezi mnayoweza kukaa bila mshahara. Anayetaka tukague pamoja, nipo hapa mpaka adhana ya magharibi.